Ahadi, Mkataba na Gharama katika Upangaji wa Reli Nyepesi ya Vitongojini: Upanuzi wa Green Line, Boston

Mnamo mwaka 1990, serikali ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliahidi kutekeleza miradi kadhaa ya usafiri wa umma ili kufidia uchafuzi wa hewa uliohusishwa na ujenzi wa barabara kuu ya chini ya ardhi jijini Boston. Mmojawapo ulikuwa upanuzi wa reli nyepesi ya Green Line kutoka Lechmere hadi miji jirani ya Somerville na Medford. Huduma ilifika Medford tarehe 12 Desemba 2022, miaka 32 baadaye. Makala hii inafafanua maamuzi ya upangaji yaliyoathiri safari hiyo ndefu.

Uamuzi wa kwanza ulihusu njia. Reli mpya ilipitishwa kando ya reli za treni za abiria zilizokuwapo. Hatua hiyo ilipunguza haja ya kubomoa makazi, lakini ililazimu kuhamisha reli za zamani, kujenga upya madaraja na kusimamisha kuta za kuzuia udongo. Kwa wakazi wa Somerville, mradi huo ulikuwa pia suala la haki: treni za dizeli zilikatiza mitaa yao bila kusimama, nayo barabara kuu ya I-93 ikapita papo hapo. Walivuta moshi wa safari za wengine.

Uamuzi wa pili ulihusu mkataba. Mapema mwaka 2015 serikali kuu iliidhinisha ruzuku ya takriban dola milioni 996. Mwaka huohuo makadirio ya gharama yalipanda kutoka takriban dola bilioni 2 hadi bilioni 3. Mkandarasi alikuwa amepewa kazi kwa mafungu, na bei ya kila fungu ilijadiliwa kadiri usanifu ulivyoendelea. Hivyo ushindani ulidhoofika mara tu alipoteuliwa. Mkataba ulivunjwa Desemba 2015.

Usanifu ulipitiwa upya mwaka 2016. Majengo ya vituo yaliondolewa, yakabaki majukwaa ya wazi, na karakana ikapunguzwa ukubwa. Somerville iliahidi kuchangia dola milioni 50 na Cambridge milioni 25. Mwaka 2017 ulitolewa mkataba mpya uliounganisha usanifu na ujenzi, katika bajeti ya takriban dola bilioni 2.3.

Hata hivyo, mwaka 2023 ilitangazwa kuwa sehemu kubwa ya reli mpya ilikuwa nyembamba kuliko kipimo kilichotakiwa, na ikalazimu kurekebishwa. Kwa hiyo, udhibiti wa gharama usipoandamana na ukaguzi wa ubora hubaki pungufu.

Kwa jumla, mfano huu unaonyesha kwamba ahadi yenye nguvu ya kisheria inaweza kuunusuru mradi usifutwe, lakini haiwezi kuziba pengo la mkataba dhaifu. Gharama ya pengo hilo huwaangukia kwanza wakazi wanaosubiri kituoni.