Ubao Upi Unamfaa Anayeanza Kuteleza Mawimbini?

Kusi likivuma, mawimbi huingia Ghuba ya Malindi kwa nguvu. Mkazi anayetaka kujifunza kuyateleza anashauriwa kuchagua ubao mrefu, wa futi 8 au 9, mpana, mnene na wenye sponji laini juu. Ubao huo huelea vizuri, hauyumbi ovyo, na ukimgonga mtu hauumizi sana. Ubao mfupi wa futi 6 unapendeza machoni, lakini ni wa waliobobea. Anayeanza hushindwa hata kuukalia.

Kwanza fanya mazoezi mchangani: lala kifudifudi, jisukume kwa mikono, kisha simama mara moja, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Ukiingia majini, usipite kina cha kiuno. Tumia povu la mawimbi yaliyokwisha kuvunjika.

Funga kamba ya ubao mguuni. Hata hivyo kamba hukatika, kwa hivyo asiyejua kuogelea ajifunze kwanza. Mkondo ukikuvuta kuelekea bahari kuu, usishindane nao. Shikilia ubao, piga maji sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Na usiende peke yako.