Mgongo wa Mzazi Aliyejifungua kwa Upasuaji na Wajibu wa Chama

Katika vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa nchini Tanzania, sehemu kubwa ya kazi ya kuchuma, kubeba na kuanika hufanywa na akina mama. Baadhi yao hujifungua kwa upasuaji, nao hurejea nyumbani baada ya siku chache tu, pengine msimu ukiwa umepamba moto. Wengi wao hulalamikia maumivu ya mgongo. Malalamiko hayo hayafai kupuuzwa, wala kuitwa uvivu.

CHANZO CHA MAUMIVU

Wakati wa mimba, homoni hulegeza kano za nyonga na kiuno, na uzito wa tumbo huuvuta mgongo mbele. Kulegea huko hakukomi siku mtoto anapozaliwa. Misuli ya tumbo, ambayo huushikilia mgongo kwa upande wa mbele, imekwisha kutanuka kwa miezi mingi. Katika upasuaji, daktari hukata ngozi na utando mgumu ulio juu ya misuli hiyo, kisha huitenganisha ili aufikie mfuko wa uzazi. Tumbo likiwa dhaifu, mgongo huachiwa kazi yote. Tena mama, kwa kuulinda mshono, hutembea ameinama na humwinamia mtoto kila anaponyonyesha.

Wengi huamini kwamba sindano ya ganzi ya mgongoni ndiyo inayoharibu mgongo maisha yote. Mahali palipochomwa huweza kuuma kwa siku chache, lakini uchunguzi wa kitaalamu haujathibitisha kwamba sindano hiyo huleta maumivu ya muda mrefu. Imani hiyo ina hasara, kwa sababu mama hukata tamaa, ilhali nafuu kubwa imo katika kupunguza mzigo.

AFANYAYO MAMA

1. Kwa wiki 6 za kwanza asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtoto mchanga huwa na kilo 3 hivi. Maji ya ndoo ya lita 20 yana kilo 20.

2. Anapoamka, ageuke kwanza ubavu, ashushe miguu, kisha ajiinue kwa mikono.

3. Anaponyonyesha, aegemee, aweke mto au kanga zilizokunjwa chini ya mtoto, na amlete mtoto kwenye titi badala ya kumwinamia.

4. Atembee kidogo kidogo kila siku, maana kulala kutwa hudhoofisha misuli na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

5. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu chaweza kuwekwa mgongoni. Tumbo na mshono visikandwe kwa maji ya moto, wala mkaja usikazwe juu ya kidonda. Atumie dawa alizoandikiwa hospitali, kwani si kila dawa ya maumivu humfaa anayenyonyesha.

Arudi hospitali mara moja endapo ana homa, mshono unatoa usaha, mguu mmoja umevimba na kuuma, miguu inakosa nguvu, mkojo haupiti au hauzuiliki, au kichwa kinauma sana anapoketi na kupoa anapolala. Maumivu ya mgongo yakiendelea baada ya wiki 6, aonwe na mganga.

WAJIBU WA CHAMA

Desturi ya kumtunza mzazi siku 40 iko karibu sana na wiki 6 za madaktari. Mara nyingi kinachomtoa mama nje mapema ni hofu kwamba kahawa yake itaharibika, au itapimwa kwa jina la mtu mwingine. Hofu hiyo chama chaweza kuiondoa. Kamati imruhusu ateue kwa maandishi mtu wa kumpelekea mazao; katibu aandike uzito na stakabadhi kwa namba ya mama mwenyewe, na malipo yasitolewe kwa mwingine bila idhini yake.

Kwa mama aliyeajiriwa na chama, awe karani au mpimaji, jambo hili si la hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa masharti yaliyomo, humpa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hafanyi kazi kabla ya wiki 6 ila kwa cheti cha daktari, na akirudi hupewa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Msingi wa 7 wa ushirika, uliopitishwa kimataifa mjini Manchester mwaka 1995, ni kujali jamii. Inafaa makatibu waweke jambo hili katika ajenda ya kamati kabla mizani haijafunguliwa, ili mama atakayejifungua katikati ya msimu akute utaratibu umekwisha kuwekwa.