PODIKASTI KWA MUUZA DUKA: ANZA NA WALIOSEVU NAMBA YAKO

Leo tuongelee podikasti, maana naona wengi mnaitaka ila mnaiogopa. Ukisikia neno hilo unamuwaza Salama Jabir na kipindi chake cha Salama Na, unaona kamera, taa na mgeni maarufu kwenye kiti, halafu unasema hii si ya mtu mwenye duka Misigiri. Podikasti ni kipindi cha sauti kinachotoka kwa mfululizo, na msikilizaji anakisikiliza muda anaotaka yeye. Basi. Simu uliyoshika sasa hivi inatosha.

Kwa nini uhangaike na sauti wakati picha zipo? Kwa sababu ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nani hajawahi kupata hiyo meseji? Sasa mteja wa Mwanza au Dar anayetaka dumu la mafuta ya alizeti kutoka kwangu, namwambia atume hela kwanza, kwa mtu asiyemjua, halafu asubiri mzigo kwenye basi. Lazima aogope. Picha ya dumu langu mtu yeyote anaichukua na kuiweka kwake. Lakini sauti yangu ya kila wiki, nikijibu maswali ya watu, huku nyuma lori linasikika likielekea Sekenke, hiyo kuiigiza ni kazi. Sisemi haiwezekani, siku hizi kuna programu za ajabu. Ila tapeli hawezi kukaa miezi 3 akielezea alizeti kila Jumatano.

Mada usiitafute mbali. Fungua meseji za wateja, swali lililorudi mara 3 ndo kipindi chako. Kwangu lilikuwa hili: "Mbona mafuta yako yana uchafu chini?" Nikamfuata jirani yangu mwenye mashine ya kukamua, nikarekodi naye dakika 6. Akaeleza vizuri kuliko mimi: mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa kawaida, bila kupita kiwandani kusafishwa, yanabaki na chembechembe za mbegu. Yakitulia zinashuka chini, ndo hayo mashapo. Acha dumu litulie siku kadhaa, mimina taratibu, cha chini kibakize. Akaongeza kwamba mafuta yenye mashapo mengi yakikaa sana yanaanza kunuka mapema. Hapo kuna muuzaji angekata. Mi niliacha. Mtu akisikia unataja ubaya wa bidhaa yako mwenyewe, hata ukija kutaja bei anakusikiliza.

Kipindi kimoja, swali moja. Ukiona umefika dakika 10, kuna mawili ndani yake, yagawe.

Sasa siku. Chagua siku na saa, usiihamishe. Wazazi wetu wanaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati wa Radio Tanzania, ulioanza 1993. Ulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju na mkewe Tunu, na ulikuwa ukirushwa mara 2 kwa wiki. Ulikuwa unafundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, mambo ambayo ukimkalisha mtu umhubirie anaondoka. Watu walikaa kwa sababu walitaka kujua Mkwaju kafanya nini tena. Na wewe mwisho wa kipindi taja swali la wiki ijayo, ila jibu usilitoe.

Kwenye kurekodi sina mengi. Funga duka kwanza, mchana stendi ina makelele na mvua ikipiga bati ndo hamna kitu. Kaa kati ya nguo au mablanketi, yanameza mwangwi. Shika simu umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila "p" inapiga kama upepo. Weka simu hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati.

Wasikilizaji ndo shughuli yenyewe. Grupu mi silipendi kwa hili, mtu mmoja akileta utani kipindi chako kinapotea juu huko. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, inabeba watu 256, na kila mmoja anapokea kama umemtumia yeye peke yake. Lakini ina sharti ambalo wengi hawalijui: ujumbe unamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Hujasevuwa, hufiki. Kwa hiyo kila mteja akinunua, kabla hajaondoka au kabla hujakata simu, mwambie: "Sevu namba hii, Jumatano saa 2 usiku nitakutumia sauti ya kutunza hayo mafuta." Usimuweke mtu ambaye hajakubali, atakublock. Wakishazidi 256, fungua orodha ya pili, au chaneli ya WhatsApp. Spotify ipo Tanzania tangu 2021 na kuweka podikasti ni bure, ila peleka ukiwa na vipindi kama 10. Bando wasiogope, mwambie mteja ujumbe wa sauti wa dakika 6 haufiki hata MB 3.

Wimbo wa msanii chini ya sauti yako achana nao, una mwenyewe na COSOTA wapo. Na ubaki kwenye biashara yako. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Ukitaka kuingia kwenye habari na siasa, waulize TCRA kwanza kuhusu leseni.

Kingine: rekodi moja kwa moja ndani ya WhatsApp, usitume kama faili. Unaweza kusimamisha na kuendelea, na mtu akishausikiliza, kile kipaza sauti kidogo kinageuka bluu. Hata aliyezima tiki za bluu, hicho kinaonekana. Mi kila Ijumaa nabonyeza ujumbe na kuangalia nani kasikiliza. Aliyepitisha wiki 4 bila kusikiliza namuuliza kistaarabu kama nimtoe. Wengine wanasema nitoe, wengine wanaagiza dumu hapohapo.