Kilichofungwa Ndani ya Githeri

Kati ya 1998 na 2000, watoto wa shule 12 za msingi katika tarafa ya Kyeni, Embu, walishiriki utafiti ambao wataalamu wa lishe wanautaja hadi leo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapa watoto wa shule kadhaa githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni, ili matokeo yalinganishwe. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika jaribio la kufikiri na misuli yao ikaongezeka. Miongoni mwa waliokunywa maziwa, wale waliokuwa wafupi kwa umri wao walirefuka zaidi.

Wengi wanaosimulia utafiti huo huishia hapo na kuhitimisha kwamba asiyekula nyama amepotea. Wanaruka matokeo ya damu. Kati ya vitamini na madini yaliyopimwa, iliyopanda waziwazi ni vitamini B12 peke yake, na ilipanda kwa nyama na kwa maziwa vilevile. Kwa anayepika bila nyama huko Meru au Embu, awe Msabato, awe amekatazwa na daktari au ameshindwa na bei ya buchari, matokeo hayo yana thamani kubwa. Yanamwachia kazi mbili: kuitoa lishe ambayo tayari imo sufuriani, na kukitafuta kile kimoja ambacho hakimo.

Kwamba imo, hilo halina ubishi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na maharagwe yana laisini tele. Maharagwe nayo yana methionini kidogo, ambayo mahindi huisaidia kujaza. Ndiyo maana githeri ni mlo wa haki, na ndiyo maana ninasikitika ninapoona sahani yenye punje nyingi za mahindi na maharagwe ya kuhesabika. Mahali pa maharagwe panaweza kuchukuliwa na njahi, mbaazi au kunde, na watu wa Mbeere na Tharaka wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani kwa sababu mazao hayo huvumilia ukame.

Tatizo ni kuyaivisha maharagwe, na linaanzia kwenye moto. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za selsiasi pale yalipo usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Katika mji wa Meru, maji yanayotokota yana nyuzi kama 95. Timau, juu ya mita 2,000, yana nyuzi 92 au 93. Anayepika kule juu akichochea kuni zaidi, maji yatarukaruka na kukauka upesi, lakini hayatapata joto zaidi. Sufuria ya presha hushinda tatizo hilo kwa kuuzuia mvuke, na joto la ndani hupita nyuzi 110.

Hata hivyo, mwinuko si sababu kubwa kuliko umri wa maharagwe. Seli za punje hushikamanishwa na pektini. Maharagwe yakikaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu, kimeng'enya kilicho ndani ya punje huivunja fitati, ambayo ndiyo akiba ya fosforasi ya mbegu, na kuachilia kalsiamu na magnesiamu zilizokuwa zimeshikwa nayo. Madini hayo huhamia kwenye pektini na kuifunga kwa nguvu. Punje za namna hiyo unaweza kuzipika kutwa nzima na zikabaki ngumu katikati. Gunia lililowekwa mahali pakavu penye baridi ya mlima litakupa maharagwe yanayoiva mapema kuliko lililokaa kwenye chumba chenye paa la mabati huko Ishiara. Mbegu nayo ina mchango wake: Nyota, aina ya maharagwe iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, huiva haraka na ina chuma na zinki kwa wingi.

Kalsiamu ikishaeleweka, mambo mengi ya jikoni yanaeleweka pia. Maji ya visima vya nyanda kavu mara nyingi yana chokaa, na chokaa ni kalsiamu, kwa hiyo maji ya mvua huivisha maharagwe upesi zaidi. Nyanya na ndimu huifanya pektini isiyeyuke. Zitiwe baada ya punje kulainika. Chumvi inasingiziwa kwamba huyafanya maharagwe kuwa magumu. Ukiloweka maharagwe usiku kucha katika maji yenye kijiko kimoja cha chumvi kwa kila lita, sodiamu huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu iliyo kwenye ganda, na ganda hulainika bila kupasuka. Asubuhi mwaga maji hayo. Yanaondoka pamoja na sehemu ya sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzimeng'enya na ambazo bakteria huzigeuza kuwa gesi.

Magadi hufanya kazi, hilo ni kweli, kwa kuwa hali ya kibesi huivunja pektini kwa kasi. Lakini pia huharibu vitamini B1, na baadhi ya magadi yana floridi nyingi inayodhuru meno ya watoto. Ningeyaacha kabisa kwenye chakula cha mtoto.

Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto, kile kinachoendelea kuivisha chakula baada ya sufuria kuondolewa motoni, wanaokoa kuni nyingi, nami ningependa kila nyumba iwe nacho. Kuna sharti moja la usalama. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuhara. Haiharibiki kwa joto la uvuguvugu. Yaache maharagwe yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuyaweka kikapuni.

Turudi kwa fitati. Ile ambayo haikuvunjika huingia tumboni na kushika chuma na zinki, nayo madini hayo hupita bila kufyonzwa. Hapa wazee wa mlima walikuwa na jibu, nalo ni ucuru, yaani uji, wa kuchachushwa. Unga wa wimbi au mtama ukilala kwenye maji siku moja au mbili, bakteria wa asidi ya laktiki huongeza uchachu, vimeng'enya vya nafaka huanza kuivunja fitati, na chuma huachiliwa. Kuzichipuza nafaka kabla ya kusaga kunaleta matokeo kama hayo. Wimbi lenyewe lina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa kila gramu 100, jambo la maana kwa asiyekunywa maziwa.

Chanzo cha vitamini C mezani kinasaidia vilevile: chungwa, pera, au kabeji iliyokatwa mbichi, viliwe pamoja na githeri yenyewe. Kinyume chake ni chai. Najua ninasema na watu wa Rukuriri na Githongo, ambako majani chai ndiyo karo ya shule, lakini tanini za chai hupunguza sana chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mimea. Kikombe kisubiri saa moja hivi baada ya kula.

Unga ule uliochachushwa unafaa hata kuoka. Wimbi na mtama havina gluteni, kwa hiyo haviwezi kuishika hewa. Robo ya unga iwe wimbi na iliyobaki ngano, na ndizi mbivu iliyopondwa isaidie kushikamanisha. Kule juu gesi hutanuka zaidi, keki hupanda mbio kisha huanguka katikati. Punguza hamira ya unga kidogo na uongeze maji, hata kama unaoka kwa sufuria juu ya mchanga wa moto.

Ikabaki B12. Hakuna kunde, mboga wala nafaka inayoitoa, na kuchachusha uji hakuileti kwa kiasi cha kutegemewa. Maziwa, mala na mayai vinayo. Asiyetumia hivyo atazame pakiti ya unga: tangu 2012 Kenya inawataka wasagaji wa viwandani kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa mahindi na wa ngano, na B12 imo kwenye orodha. Unga wa posho mill ya kijijini haujaongezwa kitu, hivyo asiyekula chochote cha mnyama anahitaji pia vidonge. Ini la mtu mzima huhifadhi B12 ya miaka kadhaa, naye anaweza kujihisi mzima muda wote huo akiba ikipungua. Mtoto mchanga hutegemea alichopewa na mama yake, na ndiyo sababu mjamzito asiyekula nyama, maziwa wala mayai anapaswa kulitaja hilo mapema, siku ya kwanza anapokwenda kliniki.