Kompyuta za Bodi Moja na Uchakataji Sambamba: Hesabu ya Umeme Sericho

Sericho ni mji mdogo wa wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, kwenye bonde la Mto Ewaso Nyiro unaoelekea kinamasi cha Lorian. Wanasayansi wa dunia wanalifahamu jina lake kwa ajili ya kimondo kilichotambuliwa mwaka 2016, ambacho vipande vyake sasa vimo katika mikusanyo ya ng'ambo. Habari nyingi za nyanda hizo nazo hupata safari kama hiyo: hukusanywa huko, zikahesabiwa kwingine. Je, haziwezi kuhesabiwa karibu na zilikotoka?

Chukua sensa ya punda milia wa Grevy ya Januari 2016. Watu waliojitolea walipiga picha zaidi ya 40,000 kaskazini mwa Kenya, Isiolo ikiwemo, na programu ya kompyuta ikatambua kila mnyama kwa mistari yake, kwani hakuna wawili wanaofanana. Makadirio yalikuwa punda milia 2,350 hivi. Katika kazi ya namna hii picha moja haiingojei nyingine, basi yaweza kugawiwa vichakataji vingi vifanye kwa wakati mmoja. Huo ndio uchakataji sambamba. Mfugaji mwenye ngamia wengi anaujua: hujaza mabirika kadhaa, hawapangi wote kwenye birika moja.

Zamani vichakataji vingi vilimaanisha gharama kubwa. Mwaka 2012 Raspberry Pi, kompyuta kamili juu ya bodi moja, iliuzwa dola 35, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kiliunganisha bodi 64 zikawa mtambo mmoja. Mwaka huo pia umma ulichangia utengenezaji wa Parallella, bodi ya dola 99 yenye kichakataji cha ziada cha viini 16, iliyotumia takriban wati 5. Parallella haikudumu sokoni. Viini vyake vilitaka programu ziandikwe upya kwa ajili yake, na wachache walikuwa tayari kufanya hivyo.

Mahali panapotegemea jua, bei ya bodi ni jambo dogo kuliko umeme wake. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ili idumu haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta ya mezani ya wati 100 ikifanya kazi saa 8 hudai 800, betri haitoshi. Bodi 4 za Raspberry Pi 4, kila moja wati 7 hivi inapofanya kazi kwa nguvu, pamoja na swichi ya mtandao ya wati 5, hudai 264. Kompyuta mpya ya mezani yaweza kumaliza kazi mapema zaidi, ni kweli. Lakini bodi huzimwa moja moja betri inaposhuka, na ikiharibika moja, tatu huendelea.

Hata hivyo, mabirika yakiwa mengi kisima hubaki kimoja. Gene Amdahl alilieleza hilo mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo huweka mpaka. Ikiwa ni asilimia 10, vichakataji 16 huongeza kasi mara 6.4 tu, wala vichakataji elfu moja havitafika mara 10.

Kisha kuna joto. Raspberry Pi hujipunguzia kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na Sericho adhuhuri hewa yenyewe ni ya moto, tena ina vumbi la kuziba feni. Jua linapotoa umeme mwingi ndipo bodi zinapotaabika. Usiku bodi hupoa, lakini betri ndiyo huliwa. Bahati nzuri kazi ya picha haina pupa. Yaweza kuanza saa mbili asubuhi paneli zikishapata jua, ikasimama kabla ya adhuhuri, na kesho yake ikaendelea kutoka picha ilipoishia.