Kinyume cha hasira ni nini?

Nilikuwa Manzese nikiwafundisha watoto vinyume vya maneno. Furaha, huzuni. Upendo, chuki. Tumaini, kukata tamaa. Tulipofika kwenye hasira, mmoja akasema furaha, mwingine upole, wa tatu akasema, "Kunyamaza." Nikakwama.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anataja hisia 11 za nafsi. Kumi zinaenda jozi jozi. Hasira pekee haina kinyume. Huzuka pale ubaya mzito umekwisha kutufika, hivyo kuukimbia hakuwezekani tena. Ama tunaupinga, ndiyo hasira, ama tunalemewa, ndiyo huzuni. Utulivu, kwake, ni hasira kutokuwepo tu.

Basi anayenyamaza huenda hakutulia, amelemewa. Yule mtoto wa tatu sikumuuliza jibu lake alilitoa wapi. Jumamosi nitamuuliza.