Likizo ya theluji Zermatt: Chagua wiki kwanza, hoteli baadaye

Chumba ni kile kile, kitanda ni kile kile, na mlima Matterhorn unaonekana kupitia dirisha lile lile. Lakini atakayelala humo mkesha wa Mwaka Mpya na atakayelala humo wiki mbili baadaye hawalipi bei moja, wala hawapangi foleni ya urefu mmoja. Huko Zermatt, kusini mwa Uswisi, kama ilivyo katika miji mingine mikubwa ya skii ya milima ya Alps, kalenda ndiyo inayopanga bei.

Ndiyo maana waliozizoea safari hizi hawaanzi na hoteli. Huanza na wiki. Wiki ikishajulikana, inaonyesha theluji itafutwe kwenye mwinuko gani. Mwinuko nao unachagua mji. Hoteli inakuja mwisho. Anayeanza na picha nzuri ya hoteli anaweza kujikuta amelipa fedha nyingi kwenda kutazama majani yaliyolowa.

Wiki

Msimu wa skii katika Alps huwa na vilele vitatu vya bei: Krismasi hadi Mwaka Mpya, likizo za shule za Februari, na Pasaka. Februari ndiyo inayowaponza wageni wasiojua. Shule za Uingereza hufunga wiki moja katikati ya mwezi huo, Ufaransa hufunga kwa kupokezana kanda kwa kanda, na majimbo ya Uswisi yenyewe huwapa watoto mapumziko ya michezo ya baridi kwa zamu. Karibu mwezi mzima kuna nchi fulani iliyohamia mlimani.

Nafuu ipo pembeni mwa vilele hivyo. Kuanzia wiki ya pili ya Januari mpaka mwisho wa mwezi, miji hupoa: vyumba vinapatikana, walimu wa skii wana nafasi na theluji ni kavu. Ubaya wake ni baridi kali na siku fupi. Machi ni kinyume chake. Jua hukaa muda mrefu na unaweza kula chakula cha mchana nje ukiwa na sweta tu, ila njia za chini huanza kulainika mchana.

Kwa familia inayotoka Afrika Mashariki, kalenda ya shule hubana zaidi. Likizo ndefu ya watoto, Tanzania na Kenya, huangukia mwisho wa mwaka, kwa hiyo nafasi nzuri ni wiki mbili za katikati ya Desemba, kabla Wazungu hawajafunga shule zao. Kwa Waislamu kuna hesabu nyingine: miaka hii Ramadhani imeingia katika msimu wa theluji. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, lakini wengi hupenda kufungia nyumbani na jamaa zao. Kwao Desemba au mwanzo wa Januari ndiyo salama.

Mwinuko

Hapa ndipo wiki inapouchagua mji. Milima ya Alps imepata joto la takriban nyuzi mbili zaidi tangu karne ya 19, na mji wa bondeni haukuhakikishii tena theluji ya Desemba. Mwaka Mpya wa 2023 ulikuwa na joto lisilo la kawaida, na vituo vingi vya miinuko ya chini vilifunga njia zake kwa kukosa theluji. Mashine za kutengeneza theluji zipo, lakini nazo zinahitaji maji mengi na hewa iliyo chini ya sifuri.

Zermatt yenyewe iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na magari ya waya hupanda hadi mita 3,883, kwenye barafu ya kudumu ambako watu huteleza mwaka mzima. Ndiyo sababu anayebanwa na Desemba hutazama miji ya aina hii, na anayeweza kwenda mwishoni mwa Januari, theluji inapokuwa imeshuka mpaka mabondeni, ana uhuru wa kuchagua mji mdogo wa bei ndogo.

Urefu huo una masharti yake. Kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, mpandaji hutumia siku mbili kufika kibanda cha Horombo, mita 3,720. Kutoka Zermatt mtu hufika juu zaidi ya hapo chini ya saa moja, akiwa amekaa. Mwili hauna habari kwamba ulibebwa. Huko juu oksijeni inayoingia mapafuni ni kama asilimia 60 na ushei ya ile ya pwani, na kichwa cha mtu aliyetoka Dar es Salaam au Muscat juzi kinaweza kuuma vibaya. Siku ya kwanza baki mjini na kwenye miteremko ya chini, kunywa maji mengi, na kilele kiachie siku ya tatu.

Jua la huko nalo ni kali kuliko linavyohisika, kwa sababu theluji hulirudisha usoni. Ngozi nyeusi nayo huungua; losheni ya jua, mafuta ya midomo na miwani ya theluji si mapambo.

Kufika

Kutoka uwanja wa ndege wa Zurich, safari ya treni huchukua kama saa tatu na nusu, na unabadilisha treni mji wa Visp. Kutoka Geneva ni karibu saa nne. Magari ya petroli na dizeli hayaingii Zermatt. Mwenye gari huliacha kijiji cha Täsch, kilomita tano chini, na kumalizia kwa treni ya dakika 12. Mjini zinapita teksi na basi ndogo za umeme. Kadi ya nusu nauli kwa wageni, inayonunuliwa hata kabla ya kusafiri, hupunguza bei ya treni hizi na ya nyingine nyingi nchini.

Bonde hili ni jembamba, na barabara na reli hupita chini ya miteremko inayoweza kuporomosha theluji. Januari 2018 hatari hiyo iliifunga njia, na watalii wapatao 13,000 wakakwama mjini. Baadhi yao walitolewa kwa helikopta. Somo lake ni dogo na la manufaa: usipange kuruka kurudi nyumbani asubuhi ile ile unayoondoka mlimani. Usiku wa mwisho ulale Zurich au Geneva. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko kwa ngazi tano, na mgeni hana haja ya ujasiri wa kwenda nje ya njia zilizowekewa alama hata ngazi ikiwa ndogo.

Gharama

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na asali ya safari hii huchovywa na mengi. Pasi ya lifti ya siku moja kwa mtu mzima hukaribia faranga 100 siku za msongamano, na bei hupanda na kushuka kulingana na siku na jinsi ulivyonunua mapema. Kisha kuna kukodi skii, buti na helmeti, ada ya mwalimu, na chakula cha mlimani ambako sahani ya kawaida ina bei ya harusi.

Pa kubana papo. Anayeanza hahitaji pasi ya mlima mzima siku za mwanzo. Uwanja wa kujifunzia na tiketi yake ndogo vinamtosha. Vifaa hupungua bei ukiviagiza kwa intaneti kabla. Usipunguze kwenye buti: zikibana vibaya, siku imeharibika. Vaa soksi moja nyembamba ndefu, wala si mbili nene, maana soksi zikikunjamana mguu huumia na damu haipiti vizuri. Fleti yenye jiko huokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la hoteli. Supermaketi ziko karibu na stesheni, na maji ya bomba ni ya kunywa. Fleti nyingi msimu wa kilele hukodishwa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi.

Usikubali kukosa bima. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi michezo ya theluji mpaka uiongeze kwa malipo ya ziada, na kutolewa mlimani kwa helikopta hakufanywi kwa hisani. Soma sharti hilo kabla ya kulipa.

Asiyeteleza

Katika kila familia kuna mmoja atakayesema miguu yake ni ya kutembea, si ya kuserereka. Zermatt inamfaa. Treni ya meno ya Gornergrat, iliyofunguliwa mwaka 1898 ikitumia umeme, humpandisha mpaka mita 3,089 kwa dakika 33, na Matterhorn yenye mita 4,478 humsimamia mbele. Akishuka kituo cha Rotenboden anaweza kuserereka kwa kigari cha mbao hadi Riffelberg.

Makumbusho ya mjini yana kamba iliyokatika Julai 1865. Watu saba, wakiongozwa na Mwingereza Edward Whymper, walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn. Wanne walianguka na kufa wakati wa kushuka. Habari ya msiba huo ilienea Ulaya nzima, na wageni wakazidi kumiminika katika kijiji kilichokuwa cha wafugaji.

Mezani, asiyetumia pombe na aulize. Fondyu, ile jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate, kwa kawaida hupikwa kwa divai nyeupe. Rakleti, jibini iliyoyeyushwa na kumwagwa juu ya viazi, haina divai ndani yake, ila huweza kuletwa na nyama ya nguruwe pembeni.

Viza na ratiba

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi London kwa kibali halali cha Uingereza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Kwa safari ya Desemba, Julai si mapema mno. Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000 ni sharti. Wakati wa kuomba, weka nafasi za hoteli zinazoweza kughairiwa bila hasara, kisha lipa jumla viza ikishatoka. Mwalimu wa skii na chekechea ya theluji kwa watoto viagizwe mara baada ya malazi, kwa kuwa ndivyo vinavyoisha mwanzo.

Kama kalenda zote zimekataa na imebaki wiki ya Mwaka Mpya peke yake, bado kuna njia. Lala Visp au Brig, chini bondeni, ambako wenyeji wanaishi maisha yao ya kawaida na bei ni za kawaida. Zermatt iko kama saa moja na kitu kwa treni. Panda siku mbili zenye anga safi, na siku zinazobaki zunguka kwenye vituo vidogo vya jirani. Utakosa dirisha lenye Matterhorn, lakini mlima huo hauwatozi wanaoutazama wakiwa nje.